Hao Watosha

Dar es Salaam, 4 Machi 2023

Shangazi yangu Lucie,

Shikamoo. Najua Goma hamsalimiani hivyo, lakini mkono wangu haujui kuanza barua kwa namna nyingine. Simu tumeijaribu na sote tumeona: wewe unasema "nini?", mimi nasema "nini?", mpaka salio linaisha. Baba alikuwa akisema Kiswahili chako na changu ni ndugu waliolelewa nyumba mbili. Basi tuandikiane, polepole. Bwana Ferdinand, yule mfanyabiashara wa Butembo anayefuata makontena yake bandarini hapa, amekubali kutubebea.

Tangu tumzike Baba nimekuwa nikikifikiria kile kiwanja chake cha Nzulo, kando ya ziwa. Kazi yangu unaijua: nachora nyumba za ufukweni huku Kigamboni, za watu wanaozilala wiki chache kwa mwaka. Nimechoka kuwachorea wengine. Nataka kujenga yangu, kule kwa Baba. Nyumba ya mapumziko, ya kifahari, lakini isiyoumiza mazingira: kuta za mawe ya volkano yaliyoungwa kwa chokaa badala ya saruji, paa la matete, maji ya mvua, taa za jua, choo cha majivu kisichotumia maji. Wageni waje, wakae kimya, watazame ziwa.

Sasa nataka kujua kila kitu. Ziwa lina rangi gani asubuhi? Lina mawimbi? Watu wanaogelea bila kuogopa mamba? Matete yanakatwa mwezi gani? Kiwanjani kuna miti? Nzulo kunanukia nini?

Utaniuliza kwa nini nisije nikaona mwenyewe. Baba alinitoa huko mwaka 1996 nikiwa mgongoni kwa Mama, na mpaka anakufa hakukanyaga tena. Naogopa, shangazi. Nakuomba uwe macho yangu.

Mwanao,
Charline Masika


Goma, Murara, 26 Machi 2023

Mutoto wangu Charline,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Nilicheka dukani peke yangu hadi mama mmoja akarudisha kitenge alichokuwa amekishika, akidhani namcheka yeye.

Naanza na maswali yako. Ziwa asubuhi lina rangi ya sufuria iliyosuguliwa, mchana linakuwa bluu kama sketi ya shule. Mawimbi ni madogo, isipokuwa upepo wa mchana ukikasirika. Mamba hakuna. Chini kuna gazi, wenye elimu wanasema siku moja italipuka, na sisi tunaoga. Mti upo mmoja, parachichi aliyopanda baba yako. Nzulo kunanukia sambaza, visamaki vyetu vya ziwa, zilizoanikwa, na mutu akikuambia ni harufu mbaya ujue hajawahi kulala njaa.

Sasa maswali yangu. Nyumba ya vakansi, nani atakuja vakansi Goma? Sisi wenyewe tukipata vakansi tunavuka mpaka hadi Gisenyi, tunakaa, tunatazama Goma kwa mbali. Tena tajiri gani atakubali kulala chini ya majani? Huku mutu akipata pesa kidogo, kitu cha kwanza anatosha majani, anaweka bati. Na hayo maji ya mvua unayoyaandika kama jambo jipya, Goma nzima tunakunywa paa zetu tangu zamani na hakuna aliyetupa diploma. Choo cha majivu ndicho sijakielewa kabisa. Majivu yanafanya nini humo? Unieleze bila aibu, mimi ni mujane mzima.

Vita havijaisha. Watu wa Masisi wanashuka kila siku, barabara ya Sake imejaa magodoro na mbuzi. Lakini ukitaka kujenga, tujenge, kaka yangu angefurahi. Kuna jambo moja kuhusu ile parseli ya baba yako sijakuandikia. Si baya. Tuma mchoro kwanza.

Shangazi wako,
Lucie Katungu


Dar es Salaam, 22 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mchoro huu hapa, umekunjwa ndani ya gazeti ili usilowe. Ukuta mrefu ni ule unaotazama ziwa. Uanze na huo, kwa sababu ndio utakaobeba kila kitu.

Kuhusu majivu: ukimaliza haja zako unamwaga kikombe cha majivu juu. Yanakausha, yanaua harufu, nzi hawaji. Baada ya muda kinachobaki kinakuwa mbolea ya huo mparachichi. Wageni wangu wa Kigamboni wanakipigia picha. Ndiyo, choo. Usinicheke.

Jambo gani hilo la kiwanja? Nimelala nalo wiki nzima. Kuna mtu amejenga humo? Kuna kaburi? Kuna nyoka? Na kuna mtu yeyote huko anayejua kufuma matete vizuri, siyo kuyafunga tu kama mzigo wa kuni? Paa ndilo roho ya nyumba hii na sitaki libahatishwe.

Mwanao,
Charline


Goma, Murara, 17 Mei 2023

Mutoto wangu,

Hakuna kaburi wala nyoka. Kuna watu.

Mwezi wa pili nilikwenda Nzulo kutazama parseli nikakuta familia chini ya parachichi ya baba yako, wamefunga turubai kwenye matawi. Mwanamke anaitwa Béata Mukamazimpaka, mume wake ni Ndayambaje, wana watoto wawili. Walikuwa wafugaji juu Masisi. Walitembea na ng'ombe, wakafika bila ng'ombe. Nilikwenda na maneno makali tayari mdomoni, lakini Béata alinipa kibao nikalie, kilikuwa kimoja tu, na yeye akabaki amesimama. Utamfukuzaje mutu aliyekupa kiti chake? Nikawaacha. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani utakasirika.

Sasa sikiliza maajabu. Mchoro wako ulipofika niliupeleka kule. Ndayambaje anajua kupasua mawe, na ukuta unaotazama ziwa ameuanza, unanifika kiunoni. Béata anafuma matete kama walivyofuma kuta za ndani kwao, kwa nakshi, nyeusi na nyeupe, hadi nilitaka kuyavaa. Mchoro wako ameutandika juu ya mawe akauliza maswali kunizidi mimi. Kwa nini dirisha liko chini hivi? Kwa nini jiko halina bomba la moshi? Choo cha majivu alikielewa mara moja, akanieleza mimi. Watoto wanaita shantie, pale tunapojenga, "nyumba ya Dada".

Basi niambie nifanye nini na hawa watu. Ni wanne, na kazi ni kubwa. Nitafute mafundi wengine mjini, ao namna gani? Parseli ni yako, neno ni lako.

Shangazi wako,
Lucie Katungu


Dar es Salaam, 14 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Ferdinand anaondoka saa hii na amesimama mlangoni anatikisa funguo, kwa hiyo nisamehe ufupi.

Kuhusu familia ya Béata, hao watosha. Usiongeze, tafadhali.

Nimefurahi mno kwa habari za ukuta. Mchoro wa vyumba vya ndani nautuma safari ijayo.

Charline


Goma, Murara, 9 Julai 2023

Charline,

Barua yako imefika. Nimefanya ulivyoandika. Parseli ni safi. Kazi imesimama, kama unavyoelewa mwenyewe.

Mungu akulinde.

Lucie Katungu


Dar es Salaam, 2 Agosti 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti. Nadhani duka limekubana, au hujanisamehe kwa kuandika huku nimesimama. Hata hivyo nimefurahi kusikia kiwanja ni safi. Kama kazi imesimama kusubiri michoro, basi kosa ni langu, na michoro ndiyo hii.

Tazama chumba kilicho kando ya jiko, chenye dirisha upande wa ziwa. Hicho si cha wageni. Ni cha Béata, Ndayambaje na watoto. Nimekifikiria sana. Kuna bwana mmoja hapa Kigamboni nilimchorea nyumba ya makuti, akaifunga miezi saba, akarudi akakuta paa limeliwa na wadudu mpaka anaona mawingu. Paa la majani linataka watu chini yake, wapike, moshi upande kila siku. Ndiyo maana jiko halina bomba, mwambie Béata ameuliza swali zuri kuliko wote. Nyumba hii haiwezi kuishi bila wao, na nimefurahi kwamba walifika kabla yangu.

Muulize pia hizo nakshi zina majina? Ile nyeusi anaipata kwa rangi gani? Watoto wanaitwa nani? Mbona hukuniandikia majina yao?

Mwanao,
Charline


Goma, Murara, 30 Agosti 2023

Charline,

Nimeiweka barua yako mezani siku nyingi nikiizunguka. Mara nilidhani unanidhihaki, mara nilidhani umeugua. Leo nakuuliza wazi: unawezaje kuniuliza majina ya watoto ambao uliniamuru niwatoshe?

Nilikwenda Nzulo siku ya Mungu, baada ya misa. Nilisali njiani nipate maneno na sikuyapata. Nikamwambia Béata mwenye parseli ameandika, mutoke. Hakulia. Aliniuliza kama wanaweza kumaliza kula kwanza, maharagi yalikuwa bado motoni. Nilikaa pale nikiwatazama wakila, kwenye kile kibao. Kisha Ndayambaje akatosha turubai kwenye parachichi, akalikunja vizuri. Béata alinirudishia mchoro wako, alikuwa ameufunga ndani ya kitambaa cha mutoto usichafuke. Wakaondoka upande wa barabara. Sikuuliza wanakwenda wapi kwa sababu nilikuwa na haya.

Sasa unawachorea chumba chenye dirisha upande wa ziwa. Kwa nani? Nimekuwa nikijisemea kwamba kaka yangu Barthélemy hakuzaa mutu wa namna hii. Nieleze, nina hamu ya kweli ya kuelewa, maana mimi nimeshindwa.

Lucie Katungu


Dar es Salaam, 16 Septemba 2023

Shangazi,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena.

Sikusema uwatoe. Sikusema hivyo kamwe. Huku kwetu "hao watosha" maana yake hao wanafika kiasi, hakuna haja ya wengine. Uliniuliza kama utafute mafundi mjini. Nilikuwa nakujibu: hao wanne wanatosha, usiongeze mafundi. Ni hilo tu.

Nimezitandaza barua zako zote kitandani. Katika ile ya Machi uliandika mtu wa Goma akipata pesa "anatosha majani, anaweka bati". Nakumbuka niliposoma nilidhani kalamu imekuteleza, kwamba ulitaka kuandika "anatoa". Sikujiuliza zaidi, kumbe huko kwenu kutosha ni kutoa. Mimi ninayeuliza mamba na mawimbi na harufu ya Nzulo, hilo moja sikuliuliza.

Naona aibu. Nilikuwa nachora dirisha lao wakati wao wanatembea barabarani na turubai kichwani. Watafute, shangazi, nakusihi. Waambie ni neno. Waambie warudi, chumba ni chao, kesho hiyo hiyo.

Lakini na mimi nikuulize, usinikasirikie: ulishangaa, uliumia, ulisali njiani. Kwa nini hukuniandikia mstari mmoja kuniuliza kama kweli ndivyo?

Mwanao,
Charline


Goma, Murara, 21 Oktoba 2023

Mutoto wangu Charline,

Nimekukasirikia siku mbili kwa swali lako la mwisho, ya tatu nikaona ni swali la haki. Hili ndilo jibu. Niliamini. Nilijisemea: mutoto huyu amekulia kwa watu wa bahari, anachorea matajiri, ana parseli anataka iwe safi, lazima aseme hivyo. Sikushangaa kama inavyopasa mutu kushangaa. Hilo linaniuma kuliko lile neno lako.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Ndosho, kutoka pale nikapanda nyingine hadi kambi ya wakimbizi ya Bulengo, kwa sababu mwuza sambaza wa Nzulo alisema aliwaona upande ule. Kambi hiyo huwezi kuipiga picha kichwani. Turubai nyeupe juu ya mawe meusi hadi macho yanachoka. Niliuliza mwanamke wa Masisi anayefuma matete, wakanionyesha bila kufikiri, maana nje ya turubai lake kuna foleni. Foleni ya nini? Ya choo cha majivu. Ndayambaje amekijenga kama ulivyokichora, na majirani wanaleta majivu ya majiko yao. Choo chako cha kifahari, Charline, hapo ndipo kilipozinduliwa.

Nilimweleza Béata habari ya neno. Alicheka, akamwita mume wake amweleze naye, wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, nikidhani yamekwisha. Kisha akaniambia, taratibu kabisa: "Neno ni la mutoto wako. Lakini mwenye kuja kutuambia tutoke ni weye, mama Lucie. Na weye ulikuwa unatujua."

Nililia mbele yake, nakuandikia ili ujue. Nikamwomba warudi leo leo, nikamwonyesha na chumba kwenye mchoro. Alikitazama sana. Akasema atakuandikia mwenyewe, na nimemwachia karatasi na kalamu. Watoto wanaitwa Bénita na Fiston, ulitaka kujua. Fiston ana kikohozi.

Shangazi wako,
Lucie


Bulengo, 12 Novemba 2023

Dada Charline,

Mimi ni Béata. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa sekondari kule Masisi na ninaandika kwa mukono wangu, usidhani mama Lucie ananisemea.

Habari ya lile neno nimesikia. Nimecheka kwa sababu kweli linachekesha. Fiston alipokohoa na maji yakaingia chini ya turubai, sikucheka tena. Nilikukasirikia miezi mingi na sasa sijui hasira hiyo niipeleke wapi, kwa sababu mutu niliyemkasirikia inaonekana hayuko. Na mama Lucie nampenda bado. Hilo pia linanisumbua.

Chumba ulichochora ni kizuri. Niko na maswali. Mlango unafungukia ndani ao inje? Ufunguo atashika nani? Wageni wako wakija kukaa kimya, mutoto wangu akilia itakuwaje? Unataka moshi wetu kwa ajili ya paa, sawa, moshi tuko nao. Lakini mutu mwenye kutoa moshi anapika, anagombana na bwana yake, anapokea ndugu waliokimbia. Turubai letu sasa liko na dada ya bwana yangu na watoto wake, walifika wiki iliyopita. Hao wote hukuwachora. Si kosa lako, ulikuwa hujui. Nakuambia ili ujue.

Juzi tulikwenda Nzulo, mimi na Ndayambaje. Ukuta unaotazama ziwa umesimama vizuri, hata jiwe moja halijatikisika. Matete yangu tuliyakuta inje. Mvua imeanza, tukayafunika kwa majani ya ndizi, maana nilifanya kazi sana juu yake na ingekuwa huzuni yaoze. Kisha tukarudi Bulengo. Hatukulala pale hata usiku moja, ingawa mama Lucie alitusihi.

Nieleze kwa nini. Barua moja ilitutosha pale. Barua ingine ikisema turudi, nitajuaje inasema nini? Kesho utaandika neno lingine la huko kwenu, mama Lucie atalisoma kwa hapa kwetu, na mimi nitakunja tena turubai mbele ya watoto. Sitaki watoto wangu wajifunze kukunja turubai vizuri kama baba yao.

Mama Lucie anasema unaogopa kuja Goma. Hata mimi niliogopa kuja Goma. Nilikuja na watoto wawili na miguu.

Kama unataka tulale kwako, simama pale kwenye parseli, unitazame, useme kwa mdomo. Nisipoelewa nitakuuliza palepale. Usipoelewa, utaniuliza. Nitakuonyesha ile nyeusi ninaipata wapi.

Usinijibu kwa karatasi. Kuja.

Béata Mukamazimpaka